Mazoezi Kabla ya Kupasuliwa, na Maumivu Yanayofuata

Mtu anapotolewa katika chumba cha upasuaji na dawa ya usingizi kuanza kumwisha, kitu cha kwanza kinachomkaribisha tena duniani ni maumivu. Hayo anayajua kila askari aliyepata kushonwa tumbo, kutolewa risasi au kutengenezwa ngiri. Lakini ni wachache wanaojua kwamba ukubwa wa maumivu hayo, na muda yatakaodumu, hautegemei mkono wa daktari peke yake wala sindano ya muuguzi peke yake. Kwa sehemu fulani hutegemea mwili aliokwenda nao mgonjwa pale mezani, na yale aliyoyafanya katika majuma yaliyotangulia. Sehemu hiyo si kubwa kama wengine wanavyodai, wala si ndogo kama wengine wanavyodhani. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo hilo, na yanaelekezwa hasa kwenu ninyi mlio makambini, katika vituo vya polisi na kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka Gitega, makao makuu ya kisiasa ya nchi yetu tangu 2019, kupitia Karusi hadi Muyinga na mpaka wa Kobero.

Tuanze na desturi iliyozoeleka. Mtu akiambiwa na daktari kwamba atapasuliwa baada ya wiki nne au sita, jamaa zake humzunguka na kumwambia apumzike. Jembe hunyang'anywa, maji hakubaliwi kuchota, na hata kutembea kwenda sokoni hukatazwa, kwa hoja kwamba ahifadhi nguvu zake kwa ajili ya siku ya kisu. Kambini naye hupewa ruhusa ya kutohudhuria gwaride wala mchakamchaka, akabaki kitandani au akakaa kivulini akicheza karata. Nia ni njema. Lakini nguvu za mwili hazina benki. Haziwekwi akiba kwa kutotumiwa. Kinyume chake, msuli usiofanya kazi huanza kupungua katika siku chache tu.

Ushahidi wa jambo hili ni wa siku nyingi. Mwaka 1966, mjini Dallas nchini Marekani, vijana watano wenye afya njema, wa umri wa miaka 20 hivi, walikubali kulala kitandani majuma matatu mfululizo ili wapimwe. Uwezo wa miili yao kutumia hewa wakati wa kazi ngumu ulishuka kwa zaidi ya robo. Watu hao hao walipimwa tena baada ya miaka 30, ikaonekana kwamba yale majuma matatu ya kulala yalikuwa yamewapunguzia uwezo huo kuliko ulivyopunguzwa na miaka 30 ya kuelekea uzeeni. Hao walikuwa vijana wasio na ugonjwa wowote. Basi mtu afikirie hali ya koplo wa miaka 45 mwenye ngiri, au ya mlinzi wa ghala ambaye goti lake limevimba tangu mvua za masika, anapolazwa mwezi mzima kabla ya kupasuliwa, kisha akalazwa tena baada ya kupasuliwa.

Fikra ya kuutayarisha mwili mapema ina asili ya kijeshi, na kwa hiyo haipaswi kuwa ngeni kwenu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Jeshi la Uingereza lilijikuta likipokea vijana waliodhoofishwa na umaskini, chakula duni na elimu hafifu. Badala ya kuwarudisha makwao, liliwapeleka katika vituo maalumu, wakalishwa vizuri, wakafanyishwa mazoezi kwa ngazi na wakafundishwa. Taarifa iliyochapishwa mwaka 1946 katika gazeti la madaktari wa Uingereza ilieleza kwamba kati ya watu wapatao 12,000 waliopitia utaratibu huo, asilimia 85 waliinuka hali zao katika muda wa kama miezi miwili. Wakati ule hakuna aliyezungumzia kisu cha hospitali. Lengo lilikuwa kumtayarisha mtu kwa shida inayojulikana kuwa inakuja. Mwaka uliofuata daktari mwingine wa Uingereza, Richard Asher, aliandika makala mashuhuri ya kuonya juu ya hatari za kumlaza mgonjwa kitandani pasipo sababu. Ilichukua miongo kadhaa kwa mambo hayo mawili kukutana. Katika miaka ya 1990 daktari mpasuaji Henrik Kehlet wa Denmark alikusanya hatua mbalimbali za kumwinua mgonjwa upesi baada ya kupasuliwa, na baadaye wataalamu wa Montreal nchini Canada, akiwamo Francesco Carli, wakauliza swali ambalo sasa linaonekana la wazi kabisa: kwa nini tungoje mpaka baada ya kupasua ndipo tuanze kumjenga mtu?

Hapo msikilizaji ataniuliza: hayo ya Canada na Denmark yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kuliko yanavyowahusu wao. Mwaka 2018 ulitolewa uchunguzi mkubwa wa upasuaji barani Afrika, uliofanywa katika nchi 25 na hospitali 247, kwa wagonjwa 11,422. Ilionekana kwamba wagonjwa wa Afrika walikuwa vijana zaidi na wenye maradhi machache zaidi kuliko wagonjwa wa mabara mengine, na hata hivyo kiwango cha vifo vyao kilikuwa kama mara mbili ya kile cha dunia. Karibu mmoja katika kila watano alipata madhara ya namna fulani. Na jambo linalopaswa kutushtua zaidi ni hili: katika kila vifo 100, vifo 95 havikutokea mezani, vilitokea baadaye, wodini. Maana yake ni kwamba kisu chenyewe si adui mkubwa. Adui yuko katika siku zile zinazofuata, wakati muuguzi mmoja ana vitanda vingi mno vya kuangalia na mgonjwa hawezi kukohoa kwa sababu anaumwa.

Hebu tukae hapo kwenye kikohozi, kwa kuwa ndipo maumivu yanapogeuka kuwa hatari. Mtu aliyepasuliwa tumbo, hasa sehemu ya juu ya kitovu, huumia kila anapovuta pumzi. Kwa hiyo huvuta pumzi fupi fupi. Makohozi yanapopanda kooni huyazuia, kwa maana kukohoa ni kama kuchanwa upya. Sehemu za chini za mapafu hubaki zimefumba, makohozi hukusanyika humo, wadudu wa maradhi hupata makao, na baada ya siku mbili au tatu mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri hushikwa na homa ya mapafu. Wataalamu wa tiba ya viungo wa Australia na New Zealand walilifanyia jambo hili jaribio lililotangazwa mwaka 2018. Wagonjwa 441 waliokuwa wakingojea upasuaji mkubwa wa tumbo waligawanywa kwa kura. Wote walipewa kijitabu cha maelezo. Nusu yao waliongezewa kikao kimoja tu cha nusu saa, kabla ya siku ya upasuaji, ambamo walielezwa hatari ya makohozi na wakafundishwa namna ya kuvuta pumzi za kina mara tu watakapozinduka. Nusu saa moja! Katika kundi lililofundishwa, wagonjwa 12 katika kila 100 walipata madhara ya mapafu. Katika kundi lililopewa kijitabu peke yake walikuwa 27. Hakikutumika chombo chochote, wala umeme, wala dawa ya kuagizwa ng'ambo. Ndugu msikilizaji, mimi sijui dawa ya bei hiyo inayofanya kazi kama hiyo.

Jaribio lingine ni la zamani zaidi, nalo linagusa maumivu moja kwa moja. Mwaka 1964 madaktari wa hospitali moja ya Boston, Marekani, walieleza habari za wagonjwa 97 waliopasuliwa tumbo. Baadhi yao walitembelewa na daktari wa usingizi usiku wa kuamkia upasuaji. Akawaambia waziwazi wataumwa wapi, kwa kiasi gani na kwa siku ngapi, kwamba maumivu hayo ni ya kawaida, na kwamba sehemu yake hutokana na misuli ya tumbo kujikaza. Kisha akawafundisha kuilegeza misuli hiyo kwa pumzi, na kugeuka kitandani kwa kutumia mikono na miguu badala ya tumbo. Wengine hawakuambiwa neno. Wale waliofundishwa walihitaji karibu nusu tu ya mofini waliyohitaji wenzao, na wakatoka hospitali kama siku tatu mapema. Wauguzi waliotoa dawa na madaktari waliotoa ruhusa hawakujua nani aliambiwa na nani hakuambiwa.

Mimi mwenyewe nilipopasuliwa ngiri miaka kadhaa iliyopita, hakuna aliyenionesha namna ya kuinuka kitandani. Asubuhi yake nilijinyanyua kama nilivyozoea maisha yangu yote, kwa kukaza tumbo, na naapa kwamba wodi nzima ilisikia. Mzee wa kitanda cha jirani, mkulima aliyekuwa amepasuliwa mara mbili, ndiye aliyenifundisha kujigeuza kwanza ubavu, kushusha miguu, halafu kujisukuma kwa kiwiko. Somo la dakika mbili. Lingefaa lije siku moja kabla.

Yafaa kueleza kidogo kwa nini maneno na mazoezi yaweze kupunguza maumivu ya kidonda halisi. Kidonda hutuma habari, lakini ni ubongo unaoamua habari hiyo ipewe uzito gani. Daktari Henry Beecher wa Marekani, aliyewahudumia askari waliojeruhiwa vitani nchini Italia mwaka 1944, aliona kwa mshangao kwamba kama robo tatu ya majeruhi wenye vidonda vikubwa hawakutaka dawa ya maumivu walipoulizwa. Kwao jeraha lilikuwa na maana ya kuokoka, ya kuondoka mstari wa mbele wakiwa hai. Raia mwenye kidonda kama hicho mara nyingi huomba dawa. Hofu huongeza sauti ya maumivu, na utulivu huipunguza. Mazoezi nayo yana njia zake. Mwili unaofanya kazi ya kutoa jasho hutengeneza kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu. Misuli imara hukibebea kiungo kilichojeruhiwa sehemu ya mzigo. Damu hutembea vizuri. Na mtu aliyezoea kuhema bila kuogopa hatishwi na mapigo ya moyo wake siku anapoanza tena kutembea.

Hata hivyo ni wajibu wetu kusema kweli yote. Jambo hili limechunguzwa sana kwa wagonjwa wanaobadilishiwa goti au nyonga, na kwao faida upande wa maumivu imeonekana kuwa ndogo: hupungua kidogo katika majuma ya kwanza, na baada ya miezi mitatu hivi aliyefanya mazoezi na asiyefanya hulingana. Atakayewaambia kwamba ukikimbia vilima vya Gitega kwa mwezi mmoja hutasikia maumivu, huyo anawadanganya. Faida iliyo thabiti zaidi ni katika madhara yanayofuata. Mjini Barcelona, Hispania, wagonjwa 125 wazee au wenye hatari kubwa waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa wa tumbo waligawanywa. Waliofanyishwa mazoezi walipata madhara karibu nusu ya wenzao, asilimia 31 kwa 62. Taarifa hiyo ni ya 2018. Mwaka 2023 ikatolewa nyingine ya wagonjwa 251 wa saratani ya utumbo mpana, waliopewa kwa majuma manne mazoezi, chakula cha kujenga mwili, msaada wa kuacha sigara na wa kutuliza akili. Madhara makubwa yalikuwa asilimia 17 kwao na karibu 30 kwa wengine. Na madhara, ndugu msikilizaji, ndiyo mama wa maumivu marefu. Mshono uliotunga usaha huuma kuliko mshono mkavu, na goti lililokakamaa kwa kuwa mwenyewe alishindwa kulikunja huuma miaka.

Kuhusu goti lenyewe kuna la ziada kwa askari, kwa kuwa goti ndilo kiungo kinacholipa gharama ya buti, mkoba na miteremko. Goti likiumia, msuli mkubwa wa mbele ya paja hukonda upesi, hata usipoumia wenyewe. Baada ya upasuaji mkubwa wa goti msuli huo huweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake katika mwezi wa kwanza. Anayeingia hospitali na paja lililokwisha konda anapoteza nusu ya kidogo alichobaki nacho. Anayeingia na paja lililojazwa kwa mazoezi hata wiki sita, naye atapoteza, lakini kitakachobaki kitamwezesha kusimama.

Hapa kwetu Gitega tuna somo ambalo halikutoka katika vitabu vya kigeni. Kituo cha taifa cha kutengeneza viungo vya bandia na kurudisha uwezo wa mwili kiko Gitega, na kazi ya vituo vya namna hiyo huonesha kila siku kwamba mguu wa bandia hausimamishwi na mbao wala plastiki, husimamishwa na nyonga, mgongo na mikono ya mwenyewe. Anayejua kwamba atakatwa mguu kwa sababu ya kidonda kilichooza au ugonjwa wa sukari, akianza mapema kuimarisha mikono na kunyoosha nyonga, atatembea kwa magongo siku ambazo mwenzake angali analalia ubavu na nyonga yake inajikunja.

Somo la pili linawahusu wake zetu, dada zetu na binti zetu, na ningependa wanaume waliomo katika mabweni ya kambi walisikilize kwa adabu. Mwaka 2010 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua mjini Gitega, katika eneo la hospitali ya mkoa, kituo kilichoitwa Urumuri, yaani mwanga, kwa ajili ya wanawake wenye fistula ya uzazi, ambao baada ya uchungu mrefu wa kuzaa hubaki wakivuja mkojo au choo. Wanawake hao waliofichwa nyumbani miaka mingi si wagonjwa wa kuvuja tu. Katika hospitali iliyofunguliwa Addis Ababa mwaka 1974 na Reginald na Catherine Hamlin, madaktari waliofika Ethiopia mwaka 1959, ilijulikana tangu zamani kwamba baadhi yao huja wamekonda, nyayo zao zimelegea kwa kuumia mishipa ya fahamu, na magoti yamekunjamana kwa sababu ya kulala miezi wakidhani kwamba wakilala bila kujongea mkojo utakoma. Mwanamke wa namna hiyo hapelekwi kwenye kisu siku ya pili. Hulishwa kwanza, hunyooshwa viungo, husimamishwa, hutembezwa, kisha ndipo hupasuliwa. Huko Ulaya jambo hili limepewa jina jipya na kuandikiwa majarida. Addis Ababa lilifanywa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Sasa tuje kwenye vitendo. Tuchukue mfano wa sajenti aliyeko Muyinga, mji ambao tangu mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 umo katika mkoa wa Buhumuza, ambaye amepangiwa kupasuliwa baada ya wiki nne au sita. La kwanza ni kumwuliza daktari: je, mimi naruhusiwa mazoezi, na ya namna gani? Asione haya kuuliza. Ruhusa ikitolewa, kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku, siku tano za juma, kunatosha kwa mwanzo, na vilima vya Muyinga vitafanya kazi iliyobaki. Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuzungumza lakini usiweze kuimba. Najua kwamba ninyi mmefundishwa kuimba mkikimbia, kwa hiyo kipimo hiki kwenu kina hila kidogo. Basi na iwe kwamba wimbo ukitoka bila kukatika, ongeza mwendo, na maneno yakikatika, punguza. Siku mbili au tatu za juma aongeze kuketi na kuinuka kitini bila kushika kitu, mara kumi kumi, na kujisukuma ukutani kwa mikono. Wa goti akaze paja akiwa amenyoosha mguu, ahesabu hadi tano, alegeze, arudie.

Mwenye ngiri ana mipaka yake. Asinyanyue magunia, asifanye mazoezi ya kuinua kiwiliwili kutoka chini, wala asizuie pumzi akijikaza. Kutembea ndiyo dawa yake. Na ngiri ikigeuka kuwa ngumu, ikakataa kurudi ndani, ikauma na kuleta matapishi, hapo mazungumzo ya mazoezi yamekwisha. Ni hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Vivyo hivyo mwenye kifua kinachobana, mwenye homa, mwenye mfupa uliovunjika, mwenye uvimbe wa mguu mmoja ulioanza ghafula: hao wasijifanyie ujasiri.

Sigara iachwe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2020 kwamba kuacha tumbaku wiki nne au zaidi kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya madhara, na kila juma linaloongezeka linaongeza faida. Urwarwa na impeke navyo vipumzishwe, kwa sababu mnywaji wa kila siku huvuja damu zaidi na kidonda chake huchelewa kufunga. Ila yule ambaye mikono humtetemeka asubuhi asipokunywa amwambie daktari kwanza, kwa maana kuacha kwa ghafula kuna hatari yake. Chakula kisiwe muhogo na ugali peke yake. Maharage, ndagala, mayai, karanga, lengalenga: hivyo ndivyo mwili unavyotengenezea nyama mpya ya kuziba kidonda. Na katika sehemu zenye malaria kama Muyinga, damu ipimwe mapema, kwani aliyepungukiwa damu hachoshwi na kisu tu, huchoshwa hata na kutembea kwenda msalani.

Limebaki jambo la wakubwa wa vikosi. Wagonjwa wengi katika bara letu hupasuliwa kwa dharura. Katika uchunguzi ule wa 2018 walikuwa zaidi ya nusu. Mtu aliyepigwa risasi au aliyepinduka na gari hapewi wiki nne. Kwake maandalizi ni yale aliyokuwa nayo asubuhi ya siku hiyo. Mchakamchaka wa alfajiri ambao wengine huuona adhabu ndio maandalizi yenyewe, na ni hasara kwamba katika vikosi vingi duniani askari wa ofisini, makarani, madereva na walinzi wa vizuizi husamehewa mazoezi kwanza, hali wao ndio wanaokaa kutwa. Venuste Niyongabo alituletea nishani ya dhahabu ya mita 5,000 kutoka Atlanta mwaka 1996. Hatuombi kila karani wa polisi akimbie hivyo, tunaomba aweze kupanda ngazi mbili za ghorofa bila kusimama kuhema.

Tena, kamanda akimwona askari aliyeandikiwa kupasuliwa akitembea kwa haraka kuzunguka uwanja jioni, asimwandike kuwa amepona na kumrudisha lindo la usiku. Na askari naye asifiche ugonjwa. Katika miaka ya ujumbe wa Umoja wa Afrika nchini Somalia, ambako Burundi ilipeleka majeshi tangu Desemba 2007 hadi 2024, si vigumu kuelewa kwa nini mtu angeificha ngiri yake ili asikatwe jina katika orodha ya safari. Lakini ngiri iliyofichwa huchagua yenyewe siku ya kujitangaza, na aghalabu huchagua mahali ambapo daktari hayupo. Kamanda anayemhakikishia askari wake kwamba nafasi yake itamngojea ndiye atakayeletewa habari mapema, wakati wiki nne za maandalizi zingali zipo.

Siku ya kulazwa ikifika, sajenti wetu amwulize muuguzi au mtaalamu wa tiba ya viungo mambo matatu kabla hajapelekwa chumba cha upasuaji: nitaumwa wapi, nitaamkaje kitandani, na nitaruhusiwa kusimama lini. Ajizoeze kugeuka ubavu na kujisukuma kwa kiwiko angali mzima. Ajizoeze pumzi: avute taratibu kwa pua mpaka mbavu zifunguke, azuie kwa kuhesabu tatu, aachie kwa mdomo, mara kumi, apumzike kidogo, mara kumi tena, kisha akohoe. Akizinduka afanye hivyo kila saa awapo macho, na dawa ya maumivu aiombe kabla maumivu hayajapanda, si baada, kwa kuwa dawa hiyo ndiyo itakayomwezesha kupumua na kutembea. Wakati wa kukohoa akumbatie mto mdogo kwa nguvu juu ya mshono, ili tumbo lisitikisike. Na asiyekuwa na mto, shuka iliyokunjwa mara nne hufanya kazi ile ile.